Bodi, Lenzi na Kadi: Mjadala wa Ufuoni Magara

Hakuna shauri liwagawalo wapenda kupiga picha kwa wepesi kama hili la mahali pa kuanzia kutoa fedha. Yuko asemaye kwamba fedha yote na iende katika bodi ya kamera, kwa sababu bodi ndiyo yenye kihisi kinachopokea mwanga. Yuko asemaye kwamba bodi ni chombo cha kupita na lenzi ndiyo mali ya kurithiwa. Na yuko wa tatu, ambaye aghalabu hasikilizwi mpaka msiba umekwisha kutokea, asemaye kwamba bodi na lenzi zote mbili ni kazi bure ikiwa kadi inayohifadhi picha ni ya uwongo. Hoja hizi husemwa Nairobi na Dar es Salaam, Maskati na London, lakini zikisemwa hewani, bila ya mahali, kila mmoja huwa na haki na hakuna ashindaye. Kwa hiyo nimezileta Magara, katika ufuo wa Ziwa Tanganyika, kati ya Bujumbura na Rumonge, ili mahali penyewe pawe kadhi.

Asiyepajua Magara na apewe zile sifa zake chache zinazohusu kesi hii. Ufuo wake unaelekea magharibi, na nyuma yake vilima vya Burundi vinapanda kwa haraka kutoka barabara kuu iendayo Rumonge na Nyanza-Lac, hata asubuhi watu walio mchangani hukaa kivulini wakati ambapo maji ya mbali yamekwisha kung'aa. Jioni mambo hupinduka, jua likawapiga usoni wote watazamao ziwa, kisha likashuka nyuma ya milima ya Kongo ng'ambo, na kwa kuwa ufuo huu hauko hata digrii 4 kusini mwa Ikweta, wakati wa magharibi hupita upesi sana, na yule aliyekuwa bado anabadilisha lenzi hujikuta gizani. Giza hilo ndilo saa ya kazi. Wavuvi wa ndagala, yaani dagaa wa ziwa hili, huunganisha mitumbwi kwa miti ikawa chombo kimoja, ambacho katika ufuo huu huitwa Apollo, wakatoka nacho, wakawasha taa juu ya maji, wakangoja samaki wakusanyike chini ya mwanga ndipo wauinue wavu; na kwa kuwa mwezi ukiwa mpevu taa hupoteza nguvu ya kuwavuta samaki, siku za mbalamwezi kazi hupungua au husimama. Maana yake kwa mpiga picha ni kwamba usiku wenye jambo la kupigwa picha ndio usiku usio na msaada wowote wa mbingu.

Waliokaa kujadiliana ni wanne: Mzee, aliyekuwa na studio Rumonge zama za filamu, Kijana, apigaye picha za arusi katika mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, Fundi, atengenezaye simu na kufufua picha zilizopotea, na Mama, aanikaye ndagala na kuwauza. Nisiulizwe majina yao wala nyumba zao, kwa sababu ni hoja tu nilizozivika kanzu na kanga ili zisikilizike.

Kijana ndiye aliyefungua maneno, baada ya kuwaamkia wakubwa wake. "Mzee wangu," alisema, "mimi sina dharau kwa lenzi, illa nasema lenzi hupitisha mwanga tu, na mpokeaji ni kihisi. Kihisi kikubwa, kile cha milimita 36 kwa 24 kilichorithi kipimo cha filamu yenu, kina eneo la milimita za mraba 864, hali kile kidogo kilichomo katika kamera nyingi za bei nafuu kina kama 370 tu. Hiyo ni zaidi ya mara mbili. Tena bodi za leo hulitafuta jicho la mtu na kuling'ang'ania hata akiwa katikati ya ngoma. Na zaidi ya hayo hujua kukusanya katika picha moja giza la uso na weupe wa maji, jambo ambalo kamera yangu ya kwanza haikuliweza: nikimpiga mvuvi jioni na ziwa nyuma yake, ama uso ulizama katika kivuli, ama ziwa liliungua likawa jeupe tupu. Nilipopata bodi mpya, uso ukarudi na ziwa likabaki. Sasa niambie, ni lenzi gani ingenifanyia hivyo?"

Mzee hakuikataa hoja hii, naye alikuwa na sababu. Kwa miaka mingi kadi za kupimia rangi, ambazo Kodak ilizipeleka katika maabara za kusafishia filamu, zilikuwa na sura ya mwanamke wa Kizungu, zikaitwa kadi za Shirley, na maadamu rangi ilisawazishwa kwa ngozi yake, ngozi nyeusi ilitoka vyovyote itakavyotoka. Msafishaji wa picha wa Rumonge, Kigoma au Ujiji alilazimika kusahihisha kwa jicho lake katika chumba cha giza kosa lililofanywa mbali naye. Bodi ya leo imeondoa sehemu kubwa ya dhuluma hiyo, na mwenye insafu hawezi kuinyima sifa yake. Mimi mwandishi naiandika hoja hii kwa upande wa Kijana kabla Mzee hajaanza hesabu yake, kwa kuwa hesabu ile ni kali, na msomaji asije akasahau kilichotangulia.

"Mwanangu," alisema Mzee, "kipimo chako ni sahihi, mimi nitaweka changu kando yake. Lenzi ya zumu inayouzwa pamoja na bodi, ukiivuta mpaka mwisho, mwanya wake haufunguki zaidi ya f/5.6. Lenzi ndogo isiyo na zumu, ile ya milimita 50 ambayo kila kampuni huitengeneza, hufunguka hadi f/1.8. Gawanya 5.6 kwa 1.8, kisha jibu ulizidishe kwa nafsi yake, kwa kuwa mwanya ni duara na eneo la duara hukua kwa mraba: utapata karibu mara kumi. Wewe umeongeza mwanga mara mbili na kitu kwa kubadilisha bodi. Mimi nimeuongeza mara kumi kwa kubadilisha lenzi. Sasa tazama bei. Canon ilipoitoa 50 yake ya f/1.8 STM mwaka 2015, ilitaka dola 125. Ilipoitoa EOS RP mwaka 2019, bodi ya kihisi kikubwa iliyosifiwa kwa urahisi wake, ilitaka dola 1,299, tena bodi tupu. Bei za Bujumbura ni nyingine, na faranga yetu ina mambo yake, lakini uwiano ni ule ule popote uendapo."

"Hesabu ya karatasi, Mzee."

"Basi tuipeleke chomboni. Tuseme taa za Apollo zinatosha kwako kupiga kwa sehemu moja ya 60 ya sekunde ukiwa na f/1.8. Ukiweka zumu yako ya f/5.6, na mengine yote ukayaacha yalivyo, utahitaji sehemu moja ya 6 ya sekunde. Katika muda huo mkono wa mvuvi umekwisha kuuvuta wavu na kurudi, na wewe umepata ukungu wenye umbo la mtu. Utaniambia bodi yako ina kitulizo cha mtetemo. Kinamtuliza nani? Kinaituliza mikono yako wewe mpigaji. Hakiwezi kuituliza mikono ya mvuvi, sembuse mawimbi. Utaniambia utasimamisha stendi ya miguu mitatu. Juu ya chombo kinachoyumba, stendi huyumba pamoja nacho."

Kijana hakuwa mtu wa kushindwa mara moja. Alimkumbusha Mzee kwamba mwanya mkubwa una kodi yake, kwa kuwa ukimlenga mtu aliye umbali wa mita 3 kwa lenzi ya 50 iliyofunguliwa hadi f/1.8, katika kamera ya kihisi kidogo, sehemu iliyo wazi haizidi sana robo ya mita, hata mvuvi wa mbele akawa na macho na pua, na mwenzake aliye bega kwa bega naye akawa doa. "Unampa mtu mwanga," alisema, "kisha unamnyima jirani yake."

"Kweli," alijibu Mzee. "Nami hufunga hadi f/2.8 wanapokuwa wawili, na hapo bado nina mara nne ya mwanga wa zumu yako. Lakini aliye na f/1.8 anaweza kuifunga. Aliye na f/5.6 hawezi kuifungua."

Hapo Kijana akaleta dalili ya watu. Alisema kwamba Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, aliyeanzisha Camerapix mwaka 1963, ambaye picha zake za njaa ya Uhabeshi mwaka 1984 ziliitikisa dunia, alianza akiwa mwanafunzi na Box Brownie ya mkono wa pili, yaani sanduku ambalo lenzi yake ni kipande cha kioo tu. Na kwamba Omar Said Bakor wa Lamu aliunganisha vipande vya picha katika studio yake ndogo akafanya maajabu ambayo hakuna lenzi iwezayo kuyafanya. Basi, kama walio wakubwa hawakuihitaji lenzi, kwa nini tuitukuze?

Dalili hii inapendeza lakini haisimami. Brownie ilipigwa mchana, nje, jua likiwa kali, na ndani ya mipaka hiyo iliwatosha maelfu. Hakuna aliyeingia nayo chomboni usiku akatoka na picha ya wavu. Na Bakor alikuwa bwana wa chumba chake, taa ni zake na giza ni lake. Wakubwa hawa wanatuonyesha kwamba jicho hutangulia chombo, jambo ambalo halikuwa na ubishi. Hawatuonyeshi ni chombo kipi kifuate.

Mzee aliendelea na jambo ambalo kwangu mimi lina uzito kuliko hesabu ya mwanya, nalo ni la umri. Mdomo wa bodi, pale lenzi inapofungiwa, ndio mkataba wa kweli ambao mnunuzi anautia sahihi pasipo kuusoma. Nikon iliuweka mdomo wake wa F mwaka 1959 na ikakaa nao katika kamera zake za filamu na za dijiti. Canon iliuweka wa EF mwaka 1987, na ilipohamia mdomo mpya wa RF mwaka 2018, lenzi za EF ziliweza kuvuka kwa kipete cha kuunganishia bila kupoteza fokasi yao. Katika muda huo bodi ngapi zimezaliwa na kuzikwa? Bodi iliyosifiwa leo, baada ya miaka minane huuzwa kwa sehemu ndogo ya bei yake. Lenzi nzuri, kama haikuingia ukungu, huteremka taratibu. Walakini Mzee hakuficha kwamba mkataba huu una vifungu vya hila: bodi ndogo za Nikon, tangu D40 ya mwaka 2006, hazina mota ya kuzungusha lenzi za zamani, na mtu anunuaye 50 ya aina ya AF-D kwa sababu ni rahisi, akaifunga katika D40 au D3100, atalazimika kuitafuta fokasi kwa vidole, hali rafiki yake mwenye D90 ataiona ikizunguka yenyewe. Lenzi ni ile ile na mdomo ni ule ule.

Mama, ambaye muda wote alikuwa akiwageuza ndagala wake, aliuliza kama anaruhusiwa kusema, akaambiwa kwamba ufuo ni wake. "Wanangu," alisema, "mimi sijui f wala nini, lakini nimepigwa picha mara nyingi kuliko ninyi mlivyopiga. Wageni wa picha wako wa namna mbili. Mmoja husimama kule barabarani na chombo kirefu, ananichukua kama anavyomchukua kiboko, kisha anapanda gari. Mwingine ana kitu kifupi, hawezi kunipata mpaka aje hapa, na akija hapa hana budi kusema Amahoro au salamu aleikum, na mimi nikamwuliza habari za kwao. Huyo wa pili hunikuta nimekaa vizuri. Lakini na yeye, picha aliyoniletea mwaka ule, ndagala walikuwa wazuri na mimi nilikuwa mweusi kuliko nguo yangu."

Sehemu ya kwanza ya maneno haya ni hoja ya lenzi ambayo Mzee mwenyewe hakuileta: lenzi fupi humlazimisha mpigaji kusogea, na kusogea kunamlazimisha kuomba ruhusa. Sehemu ya pili Mzee aliifasiri kwa utaratibu. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hudhani kwamba kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Kikiona ndagala wameenea mchangani wanametameta kama fedha, hudhani mwanga umezidi, kikaipunguza picha nzima, na mwenye uso akalipa gharama ya samaki. Dawa yake ni kuzungusha kitufe cha kusahihisha mwanga hadi +1, au zaidi kidogo, kabla ya kubonyeza. Kitufe hicho kimo hata katika bodi ya bei ya chini kabisa, na kwa ufuo huu kina faida kuliko megapikseli 20 za ziada.

Fundi alikuwa ameinama juu ya simu ya mtu. Alipoinua kichwa aliwauliza wote wawili swali moja: "Hizo picha zenu mnazigombania, ziko wapi?" Kisha, bila kungoja jibu, akasema maneno marefu kuliko desturi yake.

"Watu hunijia wakilia kwa ajili ya kadi, kwa ajili ya lenzi hajanijia mtu. Kadi ya SD ilitangazwa mwaka 1999 kwa shauri la SanDisk, Matsushita na Toshiba. Mwaka 2006 ikaja SDHC, inayofika gigabaiti 32, na mwaka 2009 SDXC, ambayo kwa kanuni yake yafika terabaiti 2. Hapo ndipo mtego wa kwanza. Bodi kuukuu iliyotengenezwa kabla ya SDXC huenda isiipokee kadi ya 64 hata ukiibembeleza. Na nyingine nzuri ziuzwazo rahisi leo, kama Canon 5D Mark II na Nikon D700, zote za mwaka 2008, hazijui SD kabisa, zataka CompactFlash, ambayo utaitafuta madukani mpaka viatu viishe. Mtu asifie urahisi wa bodi kabla hajaufungua mlango wake mdogo akaona kadi gani inaingia.

"Mtego wa pili ni maandishi ya juu ya kadi. Ile namba kubwa, 170 au 200, ni kasi ya kusoma, wakati unapohamisha picha kwenda katika kompyuta. Kasi ya kuandika, ambayo ndiyo kamera inaihitaji, aghalabu iko chini yake. Tazama alama ndogo: V30 au U3 maana yake haishuki chini ya megabaiti 30 kwa sekunde, na kwa picha za kawaida na video za kawaida hiyo yatosha, V60 na V90 ni za wenye video nzito, na kadi zenye safu mbili za meno, ziitwazo UHS-II, hazina faida yoyote katika bodi isiyo na meno ya kuzipokea, zaidi ya kulipiwa.

"Mtego wa tatu ndio unaoua. Ndani ya kila kadi mna kidhibiti kinachoiambia kamera nafasi iliyomo. Mghushi huchukua kadi ya gigabaiti 8, akakifundisha kidhibiti kusema kwamba ni 256, akabandika juu yake jina la kampuni inayoheshimika. Kamera haina njia ya kumjua mwongo, huamini. Picha za kwanza hukaa salama, kwa hiyo mnunuzi huijaribu pale pale dukani kwa picha kumi akatoka akifurahi. Zikivuka kikomo cha kweli, kadi huandika mpya juu ya zilizotangulia, ama huzitupa tu, na huku majina ya faili yanaonekana yote katika orodha, hata arusi ikaisha, bwana arusi akalipa, na kesho yake faili hazifunguki. Hizo siwezi kuzifufua. Ama zimeandikiwa juu, ama hazikuandikwa kamwe."

"Na mtu ajuaje?" aliuliza Mama.

"Kwa kuijaza yote, Mama. Kuna programu ya bure iitwayo H2testw kwa kompyuta za Windows, na nyingine, F3, kwa Linux na Mac. Huijaza kadi mpaka ukingoni, kisha huisoma tena na kulinganisha. Huchukua saa nyingi ikiwa kadi ni kubwa, na ndiyo sababu muuzaji hataki uifanye mbele yake. Asiye na kompyuta na aazime. Na tukiwa hapo, picha iliyofutwa kwa bahati mbaya katika kadi ya kweli haijatoweka mara moja. Imeondolewa jina tu. Acha kupiga saa ile ile, toa kadi, ilete. Programu kama PhotoRec huzirudisha nyingi. Anayeendelea kupiga huku akiomba dua anazifukia yeye mwenyewe."

Kijana akaona mwanya wake hapa, akauingia kwa werevu. Alisema kwamba ikiwa kadi ndiyo hatari kubwa, basi Fundi ameitetea bodi bila kujua, kwa sababu bodi zilizo bora zina matundu mawili ya kadi na huandika kila picha mara mbili, hali zile za bei ya chini zina tundu moja. Kwa mpigaji wa arusi, ambaye hawezi kumwambia bibi arusi avae tena, matundu mawili ni sharti. Fundi alikubali, na mimi nakubali, kwa kiasi: nakala mbili zilizomo katika bodi moja humlinda mtu na kufa kwa kadi, hazimlindi na mwizi wa mkoba wala na mtumbwi uliopinduka. Mpenda picha asiyelipwa na mtu, anayekwenda ufuoni Jumapili kwa furaha yake, hahitaji kununua bodi ya arusi kwa ajili ya tundu la pili. Ahitaji kadi mbili za kweli za gigabaiti 64 badala ya moja ya 256, abadilishe katikati ya safari, na iliyojaa iwe mfukoni mwake wala si katika mkoba wa kamera.

Mzee aliongeza neno moja ambalo sikulitazamia kutoka kwa mtu wa lenzi. Alisema kwamba Unguja, katika Capital Art Studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, kazi ya baba ilipokewa na mwanawe Rohit, na filamu za miongo kadhaa zikawekwa. Filamu hazikuomba umeme wala programu ili ziwepo. "Sisi tulikuwa na kabati," alisema. "Ninyi mna kadi, kisha mnaifuta ili mpige nyingine." Kijana hakujibu, na sidhani kwamba lilikuwapo la kujibu isipokuwa kununua diski mbili za nje na kuziweka katika nyumba mbili.

Mambo mengine yalipitiwa kwa haraka, kwa kuwa hayakuwa na ubishi. Simu ilitajwa, ikakubaliwa kwamba mchana haina aibu, na kwamba usiku huunganisha picha kadhaa kuwa moja, hila ambayo hufaulu kwa nyumba na miti na hushindwa kwa wavu unaoinuliwa. Ukungu wa lenzi ulitajwa: sanduku lifungwalo vizuri pamoja na vifuko vya kukausha unyevu, na si kabati la nguo. Maji ya ziwa ni baridi wala si ya chumvi, kwa hiyo kamera ya Magara huishi maisha marefu kuliko ya Unguja, lakini mchanga ni ule ule. Na betri: kamera ya kioo cha ndani, ile ya namna ya zamani, aghalabu hupiga picha mia nane au elfu kwa chaji moja, hali nyingi zisizo na kioo hupata mia tatu au mia nne; mahali ambapo umeme huja na kuondoka kwa hiari yake, tofauti hiyo ni sehemu ya bei, ingawa haikuandikwa dukani.

Sasa hukumu yangu. Nampa Mzee ushindi juu ya Kijana, lakini namsahihisha katika jambo moja, kwa sababu mazoea ya filamu yamemfunika. Lenzi ya 50, ikifungwa katika kihisi kidogo, huona kama 75 au 80 katika filamu yake. Juu ya chombo kilichobanana watu, nyavu na taa, nayo ni ndefu mno, na mpigaji atajikuta anarudi nyuma mpaka majini. Kwa bodi ya kihisi kidogo lenzi ya Magara ni 35 ya f/1.8, mfano wa ile ndogo iliyotolewa na Nikon mwaka 2009, ambayo huona karibu sawa na 50 ya kale. Ile 50 na ibaki ya nyuso, ufuoni, saa ya alasiri. Bodi na iwe ya mkono wa pili, ya namna ya kioo, inayopokea SDXC, ambayo shata yake haijachoka, kwa kuwa shata huhesabiwa kwa maelfu ya mibonyezo na muuzaji mwaminifu hakatai kuionyesha hesabu hiyo. Kampuni kubwa zimehamia upande wa kamera zisizo na kioo, na bei za bodi hizi zimeanguka kwa faida ya wasio na haraka. Betri ya pili. Ama mpigaji wa arusi, Kijana ana haki yake kamili: matundu mawili kwanza, mengine baadaye. Na wale wa ndege na viboko wa Rusizi watafute baraza jingine, wana lenzi zao ndefu na deni lao refu.

Juu ya Fundi sina la kuhukumu, kwa sababu hakuomba nafasi ya kwanza. Alisema tu kwamba bila yeye hakuna ya kwanza wala ya pili. Basi wewe msomaji uliye na kadi mpya ambayo bado inang'aa, ijaze leo mpaka ukingoni, isomwe yote, na usitoke nayo usiku kwenda ziwani kabla haijatoa jibu.